Mkanda wa Mwalimu Sophia

Daktari alilisema jambo lile mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, lakini lilitosha kuwanyamazisha watu watatu waliokaa mbele yake. Utumbo mpana wa Sophia umejaa vidonda na umeanza kuoza. Vidonge vilivyokuwepo amevimaliza, vingine havipo nchini. Jumanne ya wiki ya pili kutoka leo atampasua, aukate utumbo huo wote na kuutoa. Baada ya hapo choo kitatokea tumboni, upande wa kulia, kwenye kitundu, na kuingia katika mfuko ambao Sophia atauvaa mchana na usiku.

"Kwa muda gani, daktari?" aliuliza Mwantum, mama yake.

"Maisha yake yote, mama."

Zaidi, baba mtu, alikuwa fundi cherehani wa Majengo, na mtu akibanwa hukimbilia anachokijua. Aliuliza mfuko huo unauzwa wapi. Daktari alimtazama muuguzi mkuu wa wodi, Sista Dafroza, naye Dafroza akaitazama sakafu. Mifuko ilitoka Ulaya, na Ulaya walitaka fedha za kigeni, ambazo mwaka ule wa themanini na mbili hazikutosha hata kuleta sabuni ya kufulia.

Sophia alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa darasa la tatu. Kwa miezi miwili hakuwa amekanyaga shuleni, maana alikwenda chooni mara kumi na tano kwa siku na kila mara ilikuwa damu. Alikuwa amechoka kuogopa, na aliyechoka kuogopa huuliza bila kuzunguka.

"Na nisipopasuliwa?"

"Utumbo ukitoboka, hatutaweza kukuokoa. Unaweza kutoboka mwezi ujao, unaweza kutoboka kesho."

"Basi nivae huo mfuko kwanza. Nikiweza kusimama nao mbele ya darasa langu, nitakuja. Nisipoweza, bora niachwe."

Daktari alikasirika kidogo. Alizoea wagonjwa wanaoitikia. Lakini Dafroza, mama wa Kimachame aliyekuwa na mabinti wanne wa umri huo, alielewa bila kuelezwa. Aliwachukua hadi chumba cha dawa, akatoa kabatini kitu kilichofungwa gazetini: pete ya mpira, kifuko kilichoning'inia, na mkanda wenye kulabu mbili. Kiliachwa na muuguzi mmoja mzungu aliyerudi kwao zamani, na mpira ulikuwa umepasukapasuka.

"Fundi, unaweza kuiga hiki?"

"Sista, mimi niliwahi kuiga suti ya mkuu wa wilaya kwa kumtazama akishuka garini."

Dafroza hakucheka. Alimweleza kazi yenyewe. Pete ibane tumbo sawasawa pande zote. Sophia avae, atie ndani vikombe viwili vya uji mwepesi, kisha afanye kazi zake zote kwa siku mbili. Usipovuja, wamrudishe ili amtie alama ya mahali ambapo daktari atatoboa.

"Na ukivuja?" aliuliza Mwantum.

"Ukivuja urudiwe, mama. Jumanne haitusubiri."

*

Walikuwa wamepanga vyumba viwili katika nyumba yenye familia tano na choo kimoja. Majirani walikuwa wema kadiri mtu anavyoweza kuwa mwema akiwa amebanwa na haja mlangoni. Walikohoa, wakagongagonga kopo, wakasema "Pole, mwalimu" kwa sauti inayosema toka. Mwantum alifua mashuka kwa majani ya mpapai, maana foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika ilimwacha mikono mitupu wiki tatu mfululizo.

Evaristo, jirani wa chumba cha mbele, alishona makatambuga ya matairi. Aliposikia habari hakuuliza mengi. Alikata pete kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akaisugua jiweni hadi ikawa laini.

"Chukua, Bwana Zaidi. Hiyo haikwaruzi hata mtoto mchanga."

Kifuko kilitokana na nailoni ya ndani ya gunia la mbolea, iliyoletwa kutoka mashamba ya Mabogini na kuoshwa mara saba. Ukabaki mkanda. Vitambaa havikuwepo madukani, kwa hiyo Zaidi alitoa suruali yake nzuri ya kitambaa kigumu cha dreli, akaikata mguu mmoja kabla mkewe hajasema neno.

Sasa ilitakiwa kupima. Zaidi hakuwahi kumpima mwanamke tangu aanze kazi, wala hakumshika binti yake tangu alipovunja ungo. Wateja wa kike walipimwa na Mwantum nyuma ya pazia. Yeye alitaja namba, na mumewe upande wa pili akaiandika kwa chaki kwenye mbao ya cherehani. Kwa miaka ishirini walifanya hivyo na hawakuwahi kuharibu hata blauzi.

Mwantum alimsimamisha Sophia, akafungua khanga, akazungusha futi kiunoni. Akatazama namba. Akaitoa futi, akaizungusha tena polepole, akidhani ameikunja vibaya. Ishirini na mbili. Idi iliyopita, gauni la Sophia lilikatwa kwa ishirini na nane.

"Mama Sophia, mmelala huko?"

"Ishirini na nane," alijibu Mwantum.

Sophia alimgeukia mama yake. Mwantum alitikisa kichwa taratibu, macho yamemjaa maji, akaweka kidole mdomoni.

"Ishirini na nane!" Zaidi alisema upande wa pili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Kumbe hajapungua hivyo. Watu wa Majengo kwa maneno! Mtu anakuambia binti yako amebaki mifupa."

Akaandika kwa chaki. Siku hiyo alishona huku akiimba, jambo ambalo nyumba ile haikulisikia tangu mwezi wa Ramadhani.

Msimlaumu Mwantum haraka. Alikuwa amemwona mumewe akiacha chakula nusu sahani, akikaa mbele ya cherehani asubuhi nzima bila kukanyaga pedali. Namba ile ya kweli aliona ingemmaliza. Na inchi sita, alijiambia, ni kitu cha pini mbili tu.

*

Filemon, mwalimu mkuu, alimruhusu Sophia kufundisha kipindi kimoja. Alimwambia watoto wamemkumbuka, na kwamba kugawanya kumewashinda tangu alipoondoka. Sophia alivaa gauni pana. Chini yake mkanda ulikuwa umekunjwa mgongoni na kubanwa kwa pini mbili, na ndani ya kifuko mlikuwa na uji wa mahindi, vikombe viwili kamili kama alivyoagiza Dafroza. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni, ili tumbo lisimwumbue.

Dakika ishirini za kwanza alikuwa na furaha. Nasema furaha kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Aliandika ubaoni thelathini na sita gawanya kwa nne, mikono sitini ikanyooka, na mwalimu yule aliyekuwa mgonjwa wa kuhesabiwa siku akasahau kwamba ana tumbo. Kisha msichana wa dawati la mbele, Priska, alikosea, na Sophia akainama juu ya daftari lake kumwonyesha.

Pini ilifunguka. Alisikia inamchoma, kisha akasikia pete ikihama, kisha uvuguvugu ukishuka pajani hadi kwenye kiatu.

Priska ndiye aliyeona wa kwanza. Aliinua uso, akautazama mguu wa mwalimu, akafunga mdomo wake kwa mikono yote miwili. Lakini nyuma kulikuwa na wasio na mikono ya kufunga mdomo.

"Mwalimu ameharisha!"

Ulikuwa uji. Ulikuwa uji wa mahindi uliopikwa na mama yake alfajiri ile, mweupe, hauna harufu wala dhambi. Ungemwambia nani? Watoto sitini walicheka, halafu wakaacha wote kwa pamoja, na kule kuacha ndiko kulikomwumiza zaidi. Sophia aliweka chaki mezani. Akajifunga khanga kiunoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Filemon alikuwa amesimama nje ya ofisi. Alipomwona aligeuka akaitazama bendera mpaka apite, na hata heshima hiyo Sophia aliilia njia nzima.

Nyumbani aliutupa mkanda chini, mbele ya cherehani.

"Jumanne msinihesabu," alisema. "Nimejaribu. Sitakwenda."

"Mwanangu..." Zaidi alianza.

"Baba, niache nife nikiwa na heshima yangu."

Akaingia ndani akavuta pazia.

*

Kesho yake asubuhi Zaidi aliuosha mkanda mwenyewe karoni, mbele ya wapangaji wote, akaukausha kwa pasi ya mkaa. Alikuwa akitafuta kosa lake. Alikagua mishono, ikawa mizima. Alikagua kulabu, zikawa imara. Ndipo alipoona matundu ya pini: mawili huku, mawili kule. Fundi husoma matundu kama karani anavyosoma barua. Aliukunja mkanda hadi matundu yakakutana, akaupima mkunjo ule. Inchi sita.

"Mama Sophia! Njoo."

Mwantum alikuja akijifuta mikono. Aliona mkunjo, akaona futi, akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Ulisoma ngapi siku ile?"

"Ishirini na mbili."

"Ukaniambia nane."

"Nikuambie nini, baba Sophia? Ulikuwa huli. Nilisema nikiitaja tu, na wewe nitakuuguza. Nikawa na wagonjwa wawili na sabuni sina."

"Miaka ishirini unanitajia namba, sijawahi kuuliza mara mbili."

"Niadhibu utakavyo. Nimemwaibisha mtoto mbele ya watoto anaowafundisha. Nimemuua kwa mdomo wangu." Akaanza kulia kwa sauti, na Leonia, mke wa Evaristo, aliyekuwa akichambua mchicha barazani, akainuka na sinia lake akaenda mbali.

Zaidi alikuwa na hasira, na haki ya kuwa nayo, lakini hasira haikupata pa kukaa kwa sababu mahali pake palikuwa na kitu kingine.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Mtu akipita barabarani pale, akiwa ndani ya koti, mimi naweza kukutajia kiuno chake bila kukosa nusu inchi. Binti yangu anapita mlango huu kila siku. Niliposikia ishirini na nane nilijua si kweli. Nilijua, nikaandika. Nimeacha kumtazama siku nyingi, Mwantum, kwa kuogopa."

Zaidi naye akalia. Walilia pamoja mbele ya cherehani, watu wazima wawili, asubuhi kweupe, na mteja aliyekuja kuchukua kaptula akaona afadhali arudi baadaye.

*

Zaidi alikaa kwenye kigoda upande wake wa pazia, chaki mkononi.

"Sophia. Shika futi ujipime mwenyewe. Usome mwenyewe."

"Sitaki mkanda mwingine, baba."

"Sikuambii uende hospitali. Hilo ni lako. Lakini mimi ni fundi, nimetoa nguo mbovu mkononi mwangu. Nguo mbovu lazima niirudie, hata mwenyewe asipokuja kuichukua. Nipe namba tu."

Upande wa pili kitanda kililia.

"Ishirini na mbili," alisema Sophia.

Zaidi aliiandika. Aliiandika kubwa, ionekane.

"Sasa kaa. Nilikosea hilo pia. Nguo tunapima mtu amesimama, lakini huu utaishi nao. Kaa, usome."

"Ishirini na tatu na nusu."

"Inama kama unasahihisha daftari."

"Ishirini na nne kasoro kidogo. Halafu pete inapanda, baba. Inapanda huku juu, inaacha nafasi."

"Kwa hiyo inataka kamba ya pili, ishuke chini." Aliandika haraka. Kazi ilikuwa imemshika, na upande wa pili, bila kujua, ilikuwa imemshika Sophia pia. "Sujudu."

Hapo alisita.

"Hivi nitaweza kusali nao? Na uchafu umo ndani?"

"Nimemuuliza sheikhe tangu Ijumaa iliyopita. Amesema huo ni udhuru. Unatawadha kwa kila sala, unasali, basi. Sujudu, unitajie namba."

Alisujudu. Mwantum, aliyesimama kando hana la kushika, aliona uti wa mgongo wa binti yake umejipanga wote chini ya ngozi, na safari hii hakugeuza uso.

"Ishirini na nne," ilisema sauti kutoka sakafuni.

*

Mkanda wa pili ulikuwa na kulabu nne, kamba mbili na pamba iliyofuatisha mbonyeo wa nyonga. Alhamisi yote Sophia alideki nao, uji umo ndani, akachuchumaa, akasali sala tano, akalalia ubavu. Kila saa Mwantum alipitisha kitambaa kikavu chini ya pete, akakitoa kikiwa kikavu.

Hakuna aliyemwuliza kuhusu Jumanne. Ijumaa alivaa gauni lile lile, akawaambia anakwenda kumalizia kipindi.

Darasa lilisimama. "Shikamoo, mwalimu!" Alisikia katika sauti zao kwamba wameonywa, pengine wamechapwa, na hilo halikumpendeza. Aliwaambia wakae. Akasema siku ile alibeba uji kwa sababu ya matibabu, chupa ikamwagika, na asiyeamini amuulize mama yake mtu anaharisha kitu cheupe namna gani. Wachache walicheka, yeye akacheka nao, ikaisha. Akaandika ubaoni arobaini na mbili gawanya kwa sita. Alitembea kati ya madawati yote kumi na tano. Aliinama mara nyingi kuliko ilivyotakiwa. Priska aliendelea kutazama viatu vyake, mpaka kengele ilipogongwa, viatu vikiwa bado vikavu.

Alipotoka, Filemon alikuwa mlangoni mwa ofisi, na safari hii hakuitazama bendera.

"Tutakutegemea lini, mwalimu?"

"Jumanne napasuliwa," Sophia alijibu. Hapo ndipo alipojua ameshaamua.

*

Jumamosi Zaidi aliuchukua mkanda, akasema kuna mshono haumridhishi. Aliukalia kutwa.

Jumapili Sophia alilazwa. Dafroza alimkataza chakula chochote: anywe chai ya rangi na maji ya mchele, basi, maana utumbo ukatwe ukiwa mtupu. Leonia, ambaye hakuamini kwamba mtu anaweza kupelekwa kwenye kisu na njaa, alituma bakuli la mtori wa ndizi wenye nyama, moto, umefunikwa kwa kitambaa. Dafroza alilirudisha mlangoni. Mwantum aliula ule mtori wote kwenye benchi la nje, machozi yakidondokea ndani, kwa kuwa chakula kilichopikwa kwa moyo ule hakiwezi kumwagwa. Zaidi na Evaristo walitoa damu, chupa moja kila mtu. Evaristo alitoka akipepesuka na kujisifu kwamba sasa mwalimu, kwa damu hiyo, atakipenda Kichagga.

Jumanne asubuhi waliruhusiwa kuingia kwa dakika chache. Sophia alikuwa amevaa gauni la hospitali, kichwa kimefungwa kitambaa. Juu ya tumbo lake, pale pete ilipokaa bila kuvuja, Dafroza alikuwa amechora msalaba mdogo kwa dawa ya zambarau. Alikuwa anaogopa. Aliwaambia wazi kwamba anaogopa, na mama yake akamwambia hata yeye.

Zaidi alitoa gazeti lililokunjwa, akaliweka kitandani. Sophia alifungua. Mkanda ulikuwa umepigwa pasi, kulabu zinang'aa. Aliugeuza upande wa ndani, akahisi kitu kinene pande zote mbili, akakunjua kidogo. Dreli ilikuwa imekunjwa ndani, mkunjo juu ya mkunjo, imeshikwa kwa nyuzi kubwa kubwa za bandi.

"Baba, nguo yote hii ya nini humu ndani?"

"Akiba." Zaidi alikuwa akitazama kidirisha. Kisha akakumbuka, akageuka, akamtazama binti yake, mashavu, shingo, mabega, yote. "Ulipoingia darasa la kwanza niliacha inchi mbili kwenye pindo. Mtoto hashonewi ya kumtosha leo tu. Hizo nyuzi ukizivuta zinatoka. Ukinenepa uniletee nikufungulie, kidogo kidogo."

Vijana wa machela walikuwa wamefika mlangoni. Sophia alipitisha kidole kwenye mkunjo, akihesabu kwa pingili, kama alivyomwona baba yake akifanya tangu utotoni.

"Umeacha ngapi?"

Zaidi alimgeukia mkewe, kama alivyozoea, ataje namba yeye.

"Sita," alisema Mwantum. "Mpaka ishirini na nane. Safari hii sijamdanganya."